Kabati la Televisheni Barazani: Kazi ya Mikono na Somo la Nyenzo

Shule ya msingi inapopata televisheni, swali la kwanza analokabiliana nalo mwalimu ni mahali pa kuiweka. Darasa ni dogo na wanafunzi ni wengi. Mara nyingi mahali panapobaki ni barazani, ambapo madarasa mawili yaweza kuketi pamoja chini ya mti, na jioni wazazi nao wakapata nafasi. Lakini barazani pana maadui wanne: mvua, jua, vumbi na mwizi. Redio haikutupa taabu hiyo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi vya kusikiliza redio, na kipindi kilipokwisha redio ilibebwa ikarudishwa ndani. Televisheni, iliyoanza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Tanzania Bara mwaka 1994, haifai kubebwabebwa kila siku. Yapasa ijengewe nyumba yake.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mtarajiwa namna ya kutengeneza kabati lenye kifuniko cha kunyanyua, na namna ya kuifanya kazi hiyo iwe somo.

Kuanza na lililo karibu

Tuchukue mfano wa shule iliyo jirani na Kwa Sadala, katika Wilaya ya Hai, pale barabara ya kupanda Masama inapoachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha. Mwalimu asianze kwa kuchora kabati ubaoni. Awapeleke wanafunzi sokoni wakatazame vibanda. Dirisha la kibanda hufungwa kwa ubao uliotiwa bawaba upande wa juu. Asubuhi mwenye kibanda huusukuma nje na kuutegemeza kwa mti. Ubao uleule uliokuwa mlango usiku huwa kivuli mchana. Hicho ndicho kifuniko tunachokihitaji.

Wanafunzi waulizwe: Kwa nini bawaba ziko juu? Maji ya mvua huelekea wapi? Mti ule ukiteleza, nani ataumia? Swali hili la tatu ndilo kiini cha kazi yetu. Muuza duka ni mtu mzima na yuko peke yake nyuma ya dirisha, ilhali mbele ya kabati la shule watakaa watoto wengi.

Vipimo na ujenzi

Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimeta 73 hivi na kimo cha sentimeta 43 hivi. Uwazi wa kabati uwe sentimeta 90 kwa 60, ili hewa ipite pande zote. Mbao za mringaringa au za mgrevilea, miti inayopatikana katika vihamba vya mlimani, zafaa sana iwapo zimekauka vizuri. Mbao mbichi hujipinda, na kifuniko kilichopinda hakifungi.

Kifuniko kiwe na sentimeta 94 kwa 64, ili kipite kingo za uwazi. Juu ya bawaba pigilia ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya gari, maji yasipenye. Parafujo za bawaba ziwe upande wa ndani. Zikionekana nje, mwizi hahitaji kuvunja kufuli. Chini na juu ya mgongo wa kabati toboa matundu na kuyaziba kwa wavu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na ya baridi huingia chini. Waya wa umeme uingie kutoka chini, baada ya kushuka kidogo na kupanda tena, ili matone ya maji yadondoke kabla ya kufika ndani. Kazi ya umeme ifanywe na fundi, si mwalimu wala mwanafunzi.

Kabati lielekezwe kaskazini au kusini. Likitazama magharibi, jua la alasiri litapiga kioo na picha haitaonekana.

Kukitegemeza kifuniko

Wengi hukosea kwa kukinyanyua kifuniko hadi kikaelekea juu. Hapo maji hurudi nyuma kwenye bawaba na kuingia ndani. Kisimamishwe kabla ya kulala sawasawa, ukingo wa mbele ukiwa chini ya bawaba kwa sentimeta 10. Bawaba zikiwa kimo cha sentimeta 190 kutoka sakafuni, ukingo utakuwa kwenye 180, juu ya vichwa vya wanafunzi.

Usitumie mti mmoja. Funga vyuma bapa viwili, kimoja kila ubavu wa kabati, kwa bolti. Ncha ya juu iingie katika pete ya kifuniko na kufungiwa pini. Zaidi ya hapo, mnyororo ushuke kutoka kwenye boriti ya paa na kushika ukingo wa mbele. Kimoja kikiachia, kingine kishike.

Somo la nyenzo

Sasa hesabu. Kifuniko chenye unene wa sentimeta 2 kina ujazo wa sentimeta za ujazo 12,032. Ikiwa sentimeta moja ya ujazo ya ubao ina uzito wa nusu gramu, kifuniko kina kilo 6 hivi. Bawaba ni egemeo. Mzigo uko katikati ya ubao. Jitihada iko ukingoni. Hii ni nyenzo ya daraja la pili. Kifuniko kikiwa kimelala, anayekishika ukingoni hubeba kilo 3, na anayekishika katikati hubeba zote 6. Wanafunzi wathibitishe kwa rula na mawe madogo mezani, kisha waeleze kwa nini mnyororo umefungwa ukingoni.

Kabla ya watoto kukaa mbele ya kabati, mwalimu aning'inize ukingoni mfuko wa mchanga wa kilo 6 na kuuacha tangu asubuhi hadi jioni. Kifuniko kikishuka hata kidogo, viungo virekebishwe na jaribio lirudiwe. Kisha mwagia maji juu yake na utazame ndani.

Tathmini

Mwanafunzi aliyeelewa ataweza kuchora kifuniko, kuonyesha egemeo, mzigo na jitihada, na kutaja vitu vitatu vinavyokizuia kisianguke. Naye mwalimu ajipime kwa swali moja: Je, ningekubali mwanangu aketi chini ya kifuniko hiki? Asipoweza kujibu ndiyo bila kusita, somo halijakwisha na televisheni isiwashwe.