Kidole Nacho Kina Macho

Juu ya kitufe cha namba 5 kwenye kitochi, simu ambayo Wakenya huiita mulika mwizi, kuna kinundu kidogo kama punje ya ulezi. Wengi wameishi nacho miaka mingi bila kuuliza kazi yake. Kidole gumba kikikigusa, mwenye simu hujua amefika katikati. Kutoka hapo 2 iko juu, 8 iko chini, 4 iko kushoto na 6 iko kulia, na namba nzima hupigwa gizani, au huku macho yakimchunga mtoto. Herufi F na J kwenye kibodi ya kompyuta nazo zina vistari vilivyoinuka, kwa sababu hiyo hiyo. Alama hizi zinatukumbusha jambo ambalo wabunifu wengi wa leo wamelisahau: mara nyingi macho ya mtumiaji yana kazi nyingine, na wakati huo kidole ndicho kinachoona. Siku hizi vitufe vinang'olewa kwenye magari, majiko, mashine za malipo na hata kwenye vyumba vya kuongozea meli, nafasi yake ikichukuliwa na kioo laini kisicho na kinundu wala ukingo. Mabadiliko hayo huitwa maendeleo. Kwa baadhi ya kazi ni maendeleo kweli. Kwa kazi zinazogusa usalama wa watu ni kurudi nyuma, na ushahidi wake umekusanywa kwa zaidi ya miaka 80.

Mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, jeshi la anga la Marekani lilikuwa likipata ajali za kushangaza. Rubani wa ndege ya B-17 alikuwa akitua salama, kisha ndege ikiwa bado inakimbia uwanjani, anakunja magurudumu na ndege inalalia tumbo. Lawama zilimwangukia rubani: amechoka, au ni mzembe. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia kijana aliyefanya kazi Wright Field, Ohio, alikwenda kukitazama chumba cha rubani chenyewe. Aliona kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibao vya nyuma ya mabawa, ambavyo rubani huvirudisha mahali pake akishatua, zilikaa ubavu kwa ubavu na kufanana. Kwenye ndege za C-47, ambako vidhibiti hivyo havikuwekwa pamoja, marubani hawakukosea hivyo. Chapanis akabandika gurudumu dogo la mpira kwenye kidhibiti cha magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye kile cha vibao. Mkono ukajua umeshika nini bila kuyauliza macho, na kosa lile likatoweka. Mwaka 1947 Paul Fitts na mwenzake Jones walichambua visa 460 vilivyoitwa makosa ya marubani, wakakuta kwamba karibu nusu vilitokana na kushika kidhibiti kimoja kwa kudhani ni kingine. Hadi leo kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinataka kishikio cha magurudumu ya ndege za abiria kiwe na umbo la gurudumu, na cha vibao kiwe na umbo la bawa.

Historia hiyo inatupa vigezo vitatu vya kitufe chema: kipatikane kwa kupapasa, kitofautike na jirani yake, na kijibu kinapobonyezwa. Jibu hilo halitokei lenyewe, hutengenezwa. Chini ya vitufe vingi vya rimoti na vya simu za bei nafuu kuna kuba ndogo, ya mpira au ya chuma. Kidole kikianza kukandamiza, kuba hukaza na kukataa. Nguvu ikifika kiwango fulani, inabonyea ghafla na mkondo wa umeme unaunganishwa. Mshtuko ule mdogo ndio unaomwambia mtu kwamba amesikika. Kuba ikilegea mno, kidole hubaki na shaka na kubonyeza mara ya pili. Ikikaza mno, kidole huchoka. Ndiyo maana maabara za Bell za Marekani, kabla ya kuachana na simu za kuzungusha diski, ziliwapa watu mipangilio mingi ya vitufe waijaribu, na kupima ukubwa wa kitufe, uzito wa kukibonyeza na kina cha kuzama kwake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1960, simu zikaingia sokoni mwaka 1963, na safu zile tatu za namba tatu tatu, sifuri ikiwa chini, ndizo tunazozitumia hadi leo. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250, ilirithi mpangilio huo, na vitufe vyake vikafunikwa kwa utando mmoja wa mpira ili vumbi lisipenye.

Jibu la chombo lazima pia liwe la kweli. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilifunguka na kukwama. Taa iliyokuwa mbele ya waendeshaji ilionyesha kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Haikuonyesha kama vali imefunga. Waliamini imefungwa, na kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoozea kinu yaliendelea kuvuja. Kati ya "amri imetumwa" na "kazi imefanyika" pana umbali mkubwa, na yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa simu akasubiri ujumbe wa uthibitisho anaujua umbali huo.

Sasa tukipime kioo cha mguso kwa vigezo vile vitatu. Kioo hicho huhisi mabadiliko madogo ya umeme ngozi inapokigusa, lakini chenyewe ni bapa: kitufe kilichochorwa juu yake hakipapasiki, hakitofautiki na jirani yake kwa mguso, na mara nyingi hakijibu mpaka mtu akitazame. Anayeendesha gari hulipia hayo kwa mita za barabara. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilijaribu magari 12 kwa kuwapa madereva kazi nne za kawaida, kama kuwasha joto la kiti na kubadili stesheni ya redio, wakiwa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, kazi zote ziliisha kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Katika MG Marvel R, yenye skrini kubwa, zilichukua sekunde 44.9, na gari likala mita 1,372. Baharini gharama ilikuwa roho za watu. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ulitaja mafunzo duni, na pia mfumo wa usukani na injini ulioendeshwa kwa skrini, ambao uliwaacha mabaharia wasijue nani ameshika usukani. Mwaka 2019 jeshi la majini la Marekani liliamua kurudisha vishikio vya kushikika vya kudhibitia mwendo kwenye manowari zake za aina hiyo.

Wanaotetea kioo wana hoja za kusikilizwa. Wanasema kioo kimoja hubeba kazi mia, hubadilishwa kwa programu bila kung'oa kitu, na humpunguzia mtengenezaji gharama. Ni kweli. Ramani, orodha ya nyimbo na lugha ya maandishi hukaa vizuri zaidi kwenye skrini, na hakuna haja ya kuzitengenezea kila moja kitufe chake. Lakini honi, waipa, breki ya dharura na mwendo wa injini havibadiliki kila mwezi, na vinapohitajika havisubiri. Kanuni ya kugawa ni nyepesi: kazi ya nadra na isiyo na haraka iende kwenye kioo, kazi ya mara kwa mara au ya dharura ibaki kwenye kitufe. Wengine husema watu watazoea. Lakini madereva wa jaribio la Uswidi walipewa muda wa kuyazoea magari yale, na mita zikahesabika vile vile. Mazoea humsaidia mtu kukumbuka kitufe kilipo. Hayawezi kukipa kioo kinundu ambacho hakina.

Hoja nzito zaidi inahusu wasioona. Tangu mwaka 2009 simu za iPhone zina programu inayosoma kwa sauti kila kinachoguswa, na imewafungulia wasioona milango mingi. Hayo ni mafanikio ya kujivunia, ila yanahitaji sikio lililo huru na mahali penye utulivu, na yapo tu pale mtengenezaji alipoyaweka. Mashine ya malipo ya kioo kitupu, isiyo na sauti wala kinundu juu ya 5, humlazimisha asiyeona kumtajia muuzaji namba yake ya siri. Kitufe kilichokuwa kikimlinda kiliondolewa kwa ajili ya urembo, na aliyenyang'anywa hakuulizwa.

Upepo umeanza kugeuka. Kuanzia mwaka 2026, Euro NCAP, inayopima usalama wa magari Ulaya, inataka indiketa, taa za hazadi, waipa, honi na wito wa dharura viwe na vidhibiti vya kushikika, la sivyo gari halipati alama za juu. Jambo hili linatuhusu, maana magari mengi ya Afrika Mashariki huja yakiwa yameshatumika kwingine. Kenya huruhusu yenye umri wa hadi miaka 8. Kinachobuniwa leo bila vitufe kitafika Mombasa na Dar es Salaam kesho kutwa, na marekebisho ya wakati huo yatakuwa yamechelewa. Basi mnunuzi wa gari, wa jiko au wa mashine ya zahanati asiridhike na mng'ao wa kioo. Kabla ya kulipa, chombo kikiwa kimezimwa na kimetulia, akae mbele yake, afumbe macho, na anyooshe mkono kutafuta kile atakachokihitaji siku ya hatari. Mkono ukikosa, asinunue.