Kutuma fenicha mkoani: usiseme "usafiri juu yangu" kabla hujapiga hesabu

Leo naongelea kitu kilichonilia mtaji: kutuma fenicha mkoani.

Mimi nauza fenicha za Keko, Dar. Mwaka jana dada mmoja wa Mbeya alipenda sofa la watu saba, 850,000. Kwa uchu wa kuuza nikamjibu, "Usafiri juu yangu dada." Kwenda kuulizia Fuso la kukodi, naambiwa 1,200,000. Gari linazidi sofa! Nikampa jamaa aliyesema atalifikisha kwa 90,000, bila karatasi yoyote. Gari halikuwa na turubai, mvua ikalikuta njiani. Sofa likafika limelowa, mguu mmoja umekatika. Nikarudisha nusu ya hela, na yule dada hajaniagizia tena mpaka leo.

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Siku hizi nafanya hivi:

1. Natafuta gari linalorudi. Malori yanaleta viazi na mchele Dar kutoka Nyanda za Juu Kusini. Yakishusha, dereva anatafuta mzigo wa kurudi nao, hataki kuondoka mtupu. Hapo unalipia nafasi tu, sio gari zima. Ila uliza maswali matatu: lilibeba nini mara ya mwisho? Sofa likinuka dagaa halirudishiki. Litapakia nini kingine? Mifuko ya saruji isikae juu ya mzigo wako. Turubai lipo? Nenda ukalione kwa macho.

2. Nakusanya oda. Nawaambia wateja wa njia ya Iringa, Makambako na Mbeya kwamba mzigo unaondoka Jumamosi. Tukiwa wauzaji watatu tunachangia gari, bei inashuka kwa kila mmoja.

3. Nafungua kila kinachofunguka. Kwenye gari fenicha inalipiwa nafasi kuliko uzito. Kitanda kilichofunguliwa ni mbao chache tu. Bolti zote zinaingia kwenye mfuko mdogo, naufunga kwenye chaga hiyohiyo. Miguu ya sofa natoa. Mito naijaza ndani ya kabati. Kona naziwekea maboksi, halafu nailoni juu. Kioo cha meza situmi, mteja anakatiwa hukohuko.

4. Vidogo vinapanda basi. Stuli au meza ndogo iliyofunguliwa inaingia kwenye buti. Sofa usijaribu.

5. Vingine sisafirishi kabisa. Hili limeniokoa sana. Mbao nyingi tunazotumia Dar zinatoka Mafinga, kwenye msitu wa Sao Hill. Yaani mbao inashuka Dar, inakuwa kitanda, halafu nailipia tena ipande kupita palepale ilipotoka! Sasa nina fundi Mbeya. Kitanda cha kawaida anatengeneza yeye, namtumia picha na vipimo, tunagawana faida.

Kwenye bei, hesabu vitu vinne: toyo la kutoka kwa fundi hadi kwenye lori, wapakiaji, nauli ya lori, na kirikuu cha kumfikishia mteja mlangoni. Wengi tunahesabu lori tu, halafu hivyo vitatu vinakula faida yote.

Mwisho, ulinzi. Piga picha mzigo kila upande kabla haujapanda. Piga picha namba ya gari. Andikeni karatasi: vitu vingapi, hali gani, nani anapokea. Nusu ya nauli lipa wakati wa kupakia, nusu mteja akishakagua. Dereva anayekataa karatasi, mshukuru na utafute mwingine. Mimi yule wa 90,000 alinigharimu 425,000 juu yake, na mteja nikampoteza.

Kama una mwenzako anauza fenicha, mtumie hii kabla hajaahidi usafiri wa bure.