Bastola ya Kale ya Pini

Mwezi wa Juni mwaka 2019 bastola moja iliyoliwa na kutu iliuzwa mnadani mjini Paris kwa euro 162,500. Mkulima aliiokota shambani huko Auvers, Ufaransa, yapata mwaka 1960, na inaaminiwa kuwa ndiyo aliyojipigia mchoraji Vincent van Gogh mwaka 1890. Lau mwokotaji angaliisugua kwa msasa hata ikang'aa, pengine wanunuzi wasingaliitazama mara ya pili.

Bastola hiyo ni ya namna ya pini. Fundi Casimir Lefaucheux wa Paris alitengeneza risasi za namna hiyo katika miaka ya 1830, na mwanawe Eugène akapata hati ya bastola yake mwaka 1854. Ganda la risasi lina pini ndogo inayotokeza ubavuni. Nyundo ikiipiga, pini huzama ndani na kugonga fataki, ndipo baruti huwaka. Kwa hiyo kila tundu la silinda lina mfuo mdogo ukingoni mwake, pa kupitia pini hiyo. Mwenye kuuona mfuo huo hana haja ya kubahatisha.

Nyingi zilitengenezwa Liège, Ubelgiji. Huko zilijaribiwa kwa baruti, kisha silinda ikapigwa mhuri wa umbo la yai wenye herufi ELG na nyota. Tangu mwaka 1893 taji liliongezwa juu yake; basi mhuri usio na taji ni wa kabla ya mwaka huo. Alama hizo hazikuchimbwa sana, na msasa wa dakika chache wazifuta kabisa.

Kabla ya yote yapasa kuhakikisha kwamba haina risasi, kwa maana pini iko nje, na ganda likianguka sakafuni laweza kulipuka. Ikiwa imo, isiguswe. Waitwe polisi, ambao hapana budi waulizwe pia habari ya ruhusa ya kuiweka.

Kisha ipakwe mafuta mepesi na kuachwa siku kadha. Kutu nyekundu iondolewe polepole kwa brashi laini ya shaba, bali weusi wa kale uachwe ulivyo. Skurubu iliyogoma isilazimishwe: kichwa kilichovunjika ni aibu isiyofichika. Mwisho ipakwe nta nyembamba, iwekwe mahali pakavu, na mwenye kuishika avae glavu za pamba, kwa kuwa jasho la mkono huirudisha kutu.