Mwalimu wa Bagamoyo Mjini Berlin

Sogeeni, wapwa zangu, sogeeni mkekani. Juzi mmoja wenu aliniuliza: "Mjomba, mtu akihamia nchi ya mbali, anageuka kuwa mtu wa kule?" Swali hilo nimelipenda sana. Mtoto anayeuliza hivyo ana akili inayotembea.

Nitawajibu kwa kisa cha mtu wa kweli. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kwao ni Dunda, karibu na Bagamoyo. Na Bagamoyo ya siku zile ilikuwa na shughuli! Misafara ikiingia kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu. Majahazi yakivuka kwenda Unguja. Usiku ngoma, na asubuhi watu bado wanaisimulia ngoma ya usiku.

Mwaka 1900 Mtoro akapanda meli akaenda Berlin, Ujerumani.

"Kufanya nini, Mjomba?"

Kufundisha Kiswahili. Ndiyo, kufundisha! Wajerumani walikuwa wakiitawala nchi yetu wakati huo. Mjini Berlin walikuwa na chuo cha lugha, kilichofunguliwa mwaka 1887. Maofisa, wamisionari na wafanyabiashara waliotaka kuja huku walianzia pale. Wakahitaji mtu wa kuwafundisha, mtu aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Ndipo akaitwa Mtoro.

Sasa tuiazime kalamu yake mdomo, itusimulie. Najua kalamu haisemi. Wewe uliye pale pembeni, acha kucheka, hii inasema.

"Mimi ni kalamu ya Mtoro," inasema kalamu. "Nilikuwa Berlin, na Bagamoyo ilikuwa mbali. Berlin ilikuwa na watu karibu milioni mbili, na wote walikuwa na haraka. Bagamoyo mgeni husimama mlangoni akaita hodi, akaita tena, hata akaitikiwa karibu. Berlin kuna kengele. Unaipiga, unanyamaza, unangoja. Bagamoyo ukikutana na mzee unamwamkia shikamoo, kisha unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Berlin mtu anakupa mkono, anasema neno moja, amekwisha pita. Na Bagamoyo ilikuwa mbali."

"Na jua je? Jua si ni lile lile?"

Ni lile lile, mwanangu, lakini kule lina tabia nyingine. Hapa pwani jua lina adabu: linatoka saa kumi na mbili na kitu, linazama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima. Berlin mwezi wa Desemba linachelewa mpaka saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limekwisha zama. Na sikilizeni hili: mwaka ule ule wa 1900, Ramadhani iliingia mwishoni mwa Desemba. Aliyefunga Berlin alifuturu saa ambayo Bagamoyo watu bado wako shambani.

"Basi kufunga kule ni rahisi!"

Ha! Nilijua mtasema hivyo. Saa ni chache, kweli. Lakini futari ni watu. Utaisikiliza adhana gani? Utamgawia nani tende? Jirani hajui hata kama kuna mwezi umeandama. Na subirini Ramadhani iangukie mwezi wa Juni, jua la kule lizame baada ya saa mbili usiku, ndipo mniambie habari ya urahisi.

Basi, Mtoro alizoea. Alizoea kengele ya mlango, alizoea koti zito. Lakini mmewahi kukiona chungu cha bibi kilichopikiwa samaki miaka mingi? Ukioshe kwa majivu, ukianike, ukichemshie maji matupu. Harufu ya samaki bado imo. Mtu wa ugenini ni hivyo hivyo. Anapika chakula kipya, na chungu kinakumbuka.

Tena kuna jambo moja hutokea ugenini tu. Nyumbani hakuna anayeuliza kwa nini mtoto mchanga anafanyiwa hivi, kwa nini bwana harusi anatoa kile. Kila mtu anajua. Ukiuliza sana unaambiwa, "Ndiyo desturi," basi. Berlin wanafunzi wanauliza. Kila siku wanauliza. Na mtu akiulizwa habari za kwao, inabidi aziangalie upya, kipande kwa kipande.

"Hapo ndipo nilipofanya kazi," inasema kalamu. "Mtoto akizaliwa hufanywa nini. Jando. Ngoma na majina yake. Harusi na gharama zake. Pepo, waganga, safari za bara, mazishi. Tuliandika kama mtu anayefungua sanduku la mama yake, anatoa kitu kimoja kimoja na kukitazama."

Mwaka 1903 kitabu kikachapishwa kule kule Ujerumani. Kinaitwa Desturi za Wasuaheli. Aliyekikusanya na kukitoa ni Carl Velten, mwalimu wa chuo kile, lakini maneno mengi ni ya Mtoro. Ukitaka kujua Waswahili wa pwani waliishi vipi miaka hiyo, kitabu hicho hukikwepi.

"Kisha akarudi kwao?"

Alitaka. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, Bertha. Mwaka 1905 wakapanda meli pamoja kwenda Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni haikutaka kuona Mwafrika na mke wa Kizungu wakiishi pale kama watu wengine. Wakazuiwa. Mtoto wa Bagamoyo, aliyeandika desturi za Bagamoyo, akarudishwa Ujerumani na mkewe.

Msinitazame hivyo. Mimi pia linaniudhi, na nina mvi.

Akaendelea kuishi kule. Alifundisha tena, Hamburg. Akazunguka miji akiwahutubia Wajerumani juu ya Afrika Mashariki, maana watu walipenda kusikia na yeye alihitaji riziki. Berlin ikawa mji wake mpaka alipofariki mwaka 1927.

Eti nani ameinua mkono? Sema, binti yangu.

"Mjomba, wale wanafunzi aliowafundisha, wao walifika Bagamoyo?"

Ah. Wewe utakuwa hakimu. Walikuja Afrika Mashariki, ndiyo. Walishuka melini bila kuulizwa neno na mtu, wakasalimia watu wa pwani kwa Kiswahili cha Mtoro.