Boneti ya Datsun 240Z: kazi ya Nakawa, karatasi za Busia

Mwaka 1973 dereva aliyezaliwa Kampala, Shekhar Mehta, alishinda Safari Rally akiwa na msaidizi wake Lofty Drews ndani ya Datsun 240Z. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameihama Uganda, pale Idi Amin alipowafukuza Waasia, akapata makazi mapya Kenya. Alimaliza mbio hizo akiwa na pointi sawa na Harry Källström wa Sweden, naye akiendesha Datsun ya aina nyingine, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Picha za gari lake zinatambulika hadi leo: bodi nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa.

Weusi ule haukuwa urembo. Rangi inayong'aa hurudisha jua machoni mwa dereva, na katika mbio za maelfu ya kilomita kwenye vumbi la Afrika Mashariki, macho yakichoka safari imekwisha. Boneti ilikuwa chombo cha kazi. Hilo ni vema likumbukwe leo, wakati wamiliki wachache wa magari ya spoti ya zamani wanapotafuta boneti za mtindo mwingine, zenye matundu ya hewa au za faibaglasi, na wafanyabiashara wa spea wanapojiuliza kama hapo pana biashara.

Biashara ipo, ingawa ni nyembamba, na Nakawa ni mahali pazuri pa kuitazama. Mtaa huu wa mashariki mwa Kampala umekaa juu ya Barabara ya Jinja, njia ileile inayoteremka hadi Busia na Malaba. Kuna yadi za magari yaliyotumika, kuna chuo cha ufundi ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na Japani, na kuna makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Fundi wa bodi na ofisa wa forodha ni majirani.

Kwanza gari lenyewe. 240Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969 ikiwa na injini ya silinda sita ya lita 2.4 na kabureta mbili. Tatizo lake liko katika mpangilio wa injini hiyo: njia ya kuingiza hewa na njia ya kutolea moshi ziko upande mmoja, kabureta zikiwa zimekaa juu ya mabomba ya moshi. Gari likikimbia, upepo hupooza. Likisimama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja saa 11 jioni, joto hupanda, petroli huanza kuchemka ndani ya kabureta, na injini hukohoa au hugoma kuwaka tena baada ya kuzimwa.

Kiwanda chenyewe kililijua jambo hili. Toleo la baadaye, 280Z lililouzwa Marekani, lilipata boneti yenye matundu ya kutolea joto kuanzia matoleo ya 1977. Umbo la gari halikuwa limebadilika sana, kwa hiyo boneti ile hukaa juu ya 240Z kwa marekebisho madogo. Hiyo ndiyo inayotafutwa na wengi, na ndiyo ngumu kupatikana huku kwetu, kwa sababu ilikwenda soko la Marekani. Mfanyabiashara anayepigiwa simu kuulizwa "boneti ya Z yenye matundu" anaulizwa kitu hicho, hata kama mteja hajui jina lake. Aulize namba ya chasisi kabla ya kuagiza. Inayoanza na HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, ile iliyouzwa katika nchi zetu.

Matundu nayo yana pahali pake. Hewa inayopita juu ya boneti hujikusanya kwa nguvu karibu na kioo cha mbele, na tundu likikatwa hapo, gari likiwa kwenye mwendo huweza kuingiza hewa badala ya kuitoa. Sehemu ya mbele zaidi, nyuma kidogo ya radieta, ndiko hewa ya moto hunyonywa ikatoka. Fundi anayekata matundu kwa kufuata picha ya simu anaweza kumrudishia mteja gari lenye joto lilelile na boneti iliyoharibika. Na mvua ya Kampala haibishi hodi: chini ya matundu panahitajika kinga ya bati yenye mfereji, la sivyo maji yatamwagikia nyaya za moto na kifuniko cha distribyuta.

Jambo kama hilo huonekana kwa Subaru Impreza, ambayo ndiyo inayowapa mkate wauzaji wengi wa boneti. Lile pua lililoinuka juu ya boneti yake hupeleka hewa kwenye kipoozeo cha turbo kilichokaa juu ya injini. Likifungwa kwenye Impreza isiyo na turbo halipoozi chochote. Ni mapambo, na hakuna ubaya mteja akipenda mapambo, mradi aelezwe hivyo kabla ya kulipa. Mwaka wa gari pia usipuuzwe: taa za mbele zilibadilika mara kadhaa, na boneti ya Impreza ya 2001 haikai juu ya taa za 2006.

Tukirudi kwa Datsun, kama boneti ya Marekani haipatikani, njia inayobaki ni kuifinyanga. Hapa ndipo ufundi wa Nakawa unapoweza kugeuka bidhaa. Boneti ya chuma iliyonyooka hupakwa nta tabaka kwa tabaka, kisha hutolewa kalibu juu yake. Ndani ya kalibu hupigwa rangi ya awali, halafu mikeka ya nyuzi za kioo iliyolowa resini iliyochanganywa na kigumishi. Kigumishi kikizidi, resini hupata moto na kupasuka. Kikipungua, boneti hubaki laini na huanza kupinda juani baada ya mwezi. Baada ya kukauka huongezwa fremu ya ndani, na vipande vya chuma huzikwa mahali pa bawaba na loki, kwa kuwa faibaglasi tupu haishiki bolti kwa muda mrefu. Vumbi la msasa wake ni hatari kwa mapafu. Gereji inayosugua faibaglasi bila barakoa inajiumiza yenyewe.

240Z ina bahati moja hapa. Boneti yake ina bawaba upande wa mbele na hufunguka kutokea karibu na kioo, kwa hiyo loki ikilegea upepo huikandamiza chini badala ya kuinyanyua. Magari mengi mengine hayako hivyo. Boneti nyepesi yenye bawaba nyuma, ikifungwa kwa loki moja tu isiyo na ndoano ya akiba, inaweza kuruka na kufunika kioo gari likiwa kwenye mwendo mkali. Madereva wa mbio huongeza pini mbili za kufungia kwa nje. Muuzaji anayeuza boneti ya faibaglasi bila pini hizo, kwa bei yoyote ile, anauza nusu ya bidhaa.

Sasa karatasi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Uganda tangu 2018 imezuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kenya mpaka wake ni miaka minane. Tanzania haijafunga mlango, lakini hutoza ada ya nyongeza kwa magari makuukuu. Maana yake ni kwamba 240Z zilizopo katika ukanda huu nyingi ni zile zilizokuwapo tangu zamani, na kinachovuka mipaka ni vipuri vyake. Soko liko upande wa Kenya zaidi, ambako tangu 2003 kumekuwa na mbio za East African Safari Classic, zinazotumia magari ya zama hizo.

Mfanyabiashara wa Busia anajua kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa bila kulipa ushuru wa forodha. Kinachosahaulika ni neno uasili. Boneti kuukuu iliyotoka Japani haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imelala Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mwaka mzima, wala haiwi ya Uganda kwa kupita soko la Kisekka. Ni bidhaa ya nje, itatamkwa kama bidhaa ya nje, na anayeijazia cheti rahisi anatoa tamko la uongo hata kama thamani yake ni ndogo.

Boneti iliyofinyangwa Kampala ni habari nyingine. Resini na nyuzi za kioo huenda zimetoka ng'ambo, lakini Kanuni za Uasili za Jumuiya za mwaka 2015 zinatambua bidhaa iliyogeuzwa vya kutosha ndani ya nchi mwanachama, na mkeka wa nyuzi ukishakuwa boneti hauwezi kurudi kuwa mkeka. Anayetaka kuthibitisha hilo lazima awe na stakabadhi: alinunua resini wapi, kwa kiasi gani, nani alitengeneza, aliuza kwa bei gani. Vilevile cheti rahisi hufuata orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Kama boneti haimo, huombwa cheti cha kawaida cha uasili kwa forodha ya nchi inakotoka, na kwa Uganda hiyo ni URA. Fundi wa Nakawa akiwa na stakabadhi zake, anaweza kuuliza mapema na kwa miguu. Akisubiri kuuliza Busia, mzigo utalala ghalani na mteja wa Nairobi atatafuta mwingine.

Stakabadhi hizo ndizo gereji nyingi ndogo hazina. Resini hununuliwa kwa lita dukani bila risiti, malipo hutumwa kwa simu, na kazi hukabidhiwa mkononi. Bei huwa nafuu mpaka siku mtu anapotaka kuvuka mpaka.

Mwenye gari naye ana la kuangaliwa. Thamani ya gari la kale imo katika uhalisi wake, na boneti ya chuma iliyotoka na gari kiwandani haipatikani tena kirahisi. Fundi mwaminifu hakati matundu juu ya boneti hiyo. Huifungua, huipaka mafuta ya kuzuia kutu, huifunga blanketi na kumrudishia mwenyewe akaiweke nyumbani. Mnunuzi wa baadaye ataiulizia.

Kuhusu usafiri, mabasi ya usiku kati ya Kampala na Nairobi hubeba kila kitu, ila boneti ya faibaglasi ikilazwa chini ya magunia itafika na nyufa. Husimamishwa wima, ukingo wake umefungwa kwa magodoro ya zamani. Bawaba na bolti zake ziwekwe kwenye mfuko uliofungwa kwenye boneti hiyohiyo.