Mpeperushaji wa michezo ya video atunze sauti kwanza

Na MWANDISHI WETU

UPEPERUSHAJI wa michezo ya video kwenye intaneti umekuwa ajira kwa baadhi ya vijana na ndoto kwa wengine wengi. Mchezaji huketi mbele ya tarakilishi yake akacheza huku akizungumza, nao watu walio mbali wakamtazama na kumsikiliza papo hapo.

Shughuli hii ilipata sura yake ya sasa Juni 2011, pale mtandao wa Twitch ulipozinduliwa nchini Marekani kama tawi la Justin.tv. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2014, kampuni ya Amazon ilitangaza kuununua kwa takriban dola 970 milioni. Waliodhani ni mzaha wa watoto wakatambua kwamba kuna riziki ndani yake.

Kijana anayeingia katika uga huu aghalabu hutumia akiba yake kununua kamera na taa za rangi, kisha sauti akaiachia kipaza sauti kidogo kilichomo ndani ya tarakilishi. Hapo ndipo mambo humwendea mrama. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kioo imejaa mchezo wenyewe wala si uso wa mchezaji. Sauti inayokwaruza, yenye mwangwi au iliyomezwa na milio ya risasi haivumiliki. Mtu huondoka akatafuta mwingine.

Hata hivyo, kukimbilia kipaza sauti cha bei ghali si tiba. Ni muhimu kwanza kufahamu jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi.

Vipaza sauti vinavyotumiwa na wengi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kondensa, ambayo ina kiwambo chembamba kilichokaribiana na bamba la chuma. Sauti inapokitikisa kiwambo hicho, umbali kati yake na bamba hubadilika, na badiliko hilo likawa ishara ya umeme. Kifaa hiki huhitaji umeme ili kifanye kazi, kwa kawaida volti 48 kwa vile vya studio, na hunasa hata sauti ndogo kabisa.

Aina ya pili ni dainamiki. Hapa kiwambo kimeshikanishwa na koili ya waya iliyo katikati ya sumaku. Mtu anapozungumza, koili husogea na kuzalisha umeme hafifu. Kifaa hiki ni kigumu na hakihitaji umeme kutoka nje.

Wauzaji hupenda kusema kwamba dainamiki haisikii kelele za chumbani. Ukweli ni kwamba sifa hiyo hutokana zaidi na mazoea ya kuitumia ikiwa karibu sana na mdomo. Iweke mbali, nayo itakuletea mlio wa feni na mwangwi wa kuta vilevile.

Mfano mzuri ni SM7B, kipaza sauti cha kampuni ya Shure ya Marekani ambacho huonekana mbele ya wapeperushaji wengi mashuhuri. Kilitokana na SM7, iliyotolewa mwaka 1973 kwa ajili ya studio, na toleo la SM7B likafuata mwaka 2001, miaka 10 kabla ya Twitch kuzaliwa. Bei yake nchini Marekani ni yapata dola 400.

Anayekinunua kwa kuvutiwa na umaarufu huo hupatwa na mshangao anapokifikisha nyumbani. Umeme kinaozalisha ni hafifu mno, hivi kwamba huhitaji kuongezewa nguvu kwa takriban desibeli 60. Vikuza sauti vya bei nafuu hujitahidi kufika hapo, lakini huja na mvumo wao wenyewe. Tena hakina mahali pa kuchomekea waya wa USB. Hutumia kiunganishi cha XLR chenye pini tatu, kwa hivyo mnunuzi hulazimika kutafuta kisanduku cha kukiunganisha na tarakilishi. Kampuni hiyo yenyewe ilitoa MV7 mwaka 2020, inayokubali USB na XLR, na mwaka 2023 ikatoa SM7dB yenye kikuza sauti ndani yake.

Kwa anayeanza, kipaza sauti cha USB kinatosha kabisa, maana kikuza sauti na kibadilishaji cha kidijitali vyote vimo ndani yake. XLR humfaa zaidi anayetaka kuunganisha vipaza sauti kadhaa au kubadilisha kifaa kimoja kimoja kadiri mapato yanavyoongezeka.

Jambo linalopuuzwa zaidi halina bei, nalo ni umbali. Palipo wazi, kila umbali kati ya mdomo na kipaza sauti unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Ukikitoa kipaza sauti sentimita 10 kutoka mdomoni na kukiweka sentimita 40, umepoteza desibeli 12, ilhali kelele za chumba zimebaki pale pale. Ukiongeza nguvu ili usikike, unaziongeza na kelele hizo.

Ndiyo maana kipaza sauti cha bei ya chini kilichoshikizwa kwenye hedifoni, karibu na mdomo, huweza kukishinda cha dola 400 kilichotupwa nyuma ya kibodi.

Chumba nacho kina usemi wake. Ukuta mtupu na sakafu ya saruji hurudisha sauti. Pazia nzito, zulia, godoro lililosimamishwa ukutani au kabati la nguo lililo wazi huifyonza. Trei za mayai ambazo wengi hubandika ukutani hazizuii sauti ya matatu wala ya jirani. Hupunguza mwangwi kidogo tu, na zile za karatasi hushika moto upesi. Aliye chini ya paa la mabati naye ajue kwamba mvua ikinyesha, hakuna kifaa kitakachomwokoa kikamilifu.

Programu husaidia kwa kiasi. OBS, inayotolewa bure, ina kichujio cha kupunguza kelele za nyuma. Lakini kichujio kikizidishwa, huyakata maneno na kuifanya sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Kuhusu usikilizaji, mpeperushaji aepuke spika, kwani sauti ya mchezo itaingia tena kwenye kipaza sauti na kuwafikia watazamaji mara mbili. Hedifoni za waya ni bora kuliko za Bluetooth, ambazo huchelewesha sauti, na nyingi hushuka ubora pindi kipaza sauti chake kinapowashwa.

Vifaa hivi lakini vina hatari ambayo haiandikwi kwenye kasha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 pekee. Mapitio ya tafiti 14 yaliyochapishwa Januari 2024 katika jarida la BMJ Public Health, na kuhusisha watu zaidi ya 50,000, yalionya kwamba wachezaji wa michezo ya video huenda wanajiweka katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia. Milipuko ya ghafla ndani ya michezo ilifikia hadi desibeli 119.

Mpeperushaji anayeketi na hedifoni saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, tayari ametimiza zile saa 40. Kamera ikiharibika, nyingine itanunuliwa. Chembechembe za sikio la ndani zikifa, hazioti tena.

Basi anayepanga kuanza na apange matumizi yake kwa utaratibu. Kwanza atulize chumba, pili akisogeze kipaza sauti alicho nacho karibu na mdomo, kisha ajirekodi dakika tano na kujisikiliza, sauti ya hedifoni ikiwa ya wastani. Akiridhika, fedha zake zibaki mfukoni. Asiporidhika, atakuwa amejua hasa anachokwenda kununua dukani.