Binti wa Iringa ni amana ndani ya nyumba zetu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa baba yake akiwa amekwisha kufariki, na akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tulitazame jambo lililomo ndani ya nyumba zetu, nalo tumelizoea hata hatulioni tena. Kwa miaka mingi, katika miji yetu mikubwa na hasa Dar es Salaam, familia ikitafuta msichana wa kazi, mkoa wa kwanza kutajwa huwa ni Iringa. Husemwa kwamba mabinti wa huko ni wachapakazi na wenye adabu, kana kwamba utumishi wa ndani ni kipaji walichozaliwa nacho. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini mtoto aondoke katika ardhi yenye mvua, mahindi na viazi, aende kuosha vyombo vya watu asiowajua.

Sababu ni nyingi, na umaskini ni mojawapo. Lakini mbili kati ya hizo hapana budi zitajwe pamoja, nazo ni maradhi na kukosa shule.

Barabara kuu iendayo Tunduma hupita Iringa, Makambako na Mbeya. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hukutana na barabara hiyo Makambako na kuendelea hadi Mbeya na mpakani. Njia hizi zilileta neema ya biashara, na ugonjwa wa UKIMWI nao ulisafiri humo humo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003-04 ulionyesha kuwa mkoani Mbeya takriban watu wazima 14 kati ya kila 100 walikuwa na virusi, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa 7. Katika utafiti wa mwaka 2007-08, Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha Njombe, ilikaribia 16.

Nyuma ya hesabu hizo kulikuwa na watoto. Baba alipougua, mbuzi na mahindi viliuzwa kwa ajili ya matibabu. Mama alipofuata, aliyeacha daftari ili kumuuguza alikuwa binti, si mvulana. Na walipokwisha kuzikwa wote wawili, bibi mzee alibaki na wajukuu asioweza kuwalisha, na mtu aliyetoka mjini akitafuta msichana wa kazi alipokelewa kama mkombozi. Hivi ndivyo binti wa miaka 12 au 13 alivyojikuta ndani ya basi, hali hajui jina la mtaa anaokwenda.

Alhamdulillah, milango miwili ilifunguliwa. Wa kwanza ni wa elimu. Mwaka 2001 Serikali ilifuta ada katika shule za msingi, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002. Kuanzia mwaka 2006 shule za sekondari za kata zilijengwa kwa wingi nchini. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Mwezi Novemba 2021 ilitangazwa pia kwamba mwanafunzi aliyepata mimba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua.

Mlango wa pili ni wa tiba. Mwaka 2004 nchi yetu ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya virusi. Mama mjamzito hupimwa kliniki, naye akikutwa na virusi huanzishiwa dawa, hivyo yeye huishi na mtoto hukingwa. Utafiti wa mwaka 2022-23 ulikuta bado takriban watu wazima 13 kati ya 100 Njombe, 11 Iringa na karibu 10 Mbeya wanaishi na virusi, ilhali wastani wa taifa ni kati ya 4 na 5. Msomaji asidhani kwamba hakuna kilichobadilika. Sehemu ya sababu ya hesabu hiyo kubaki juu ni kwamba wanaotumia dawa hawafi kama walivyokuwa wakifa zamani. Wapo hai, wanalima, na wanawasomesha watoto wao.

Hapa ndipo penye somo letu. Dawa na shule zilifanya kazi pamoja. Shule bila ada isingemfaa binti ambaye mama yake yuko kitandani, kwani asingeweza kumwacha. Na mama aliyepona bila ya shule ya kumpeleka mwanawe angemtoa mtoto yule yule aende mjini. Mama akiwa mzima na shule ikiwa wazi, binti hubaki nyumbani na kusoma. Mji wa Iringa, ambako mabinti wengi walipandia mabasi, tangu mwaka 2005 una Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kinachofundisha walimu, na miongoni mwa wanafunzi wake wamo wasichana.

Hata hivyo, milango iliyofunguliwa na Serikali inaweza kufungwa na familia moja. Bado wapo mabinti wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule ya kata, au wanaopanga chumba mbali na wazazi wao. Akija mtu na ahadi ya mshahara, mzazi hushawishika. Na mtu huyo asingefunga safari kama sisi wa mjini tusingemtuma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Basi kila mmoja wetu ajiulize: binti aliye jikoni kwake ana umri gani, na hulala saa ngapi?

Dini yetu ilitangulia katika jambo hili. Qur'ani Tukufu imeonya vikali juu ya kumdhulumu yatima. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi, naye alisimulia kwamba hakuwahi kukemewa hata mara moja. Mtume (S.A.W.) pia aliagiza kwamba anayetutumikia tumlishe katika tunachokula, tumvike katika tunachovaa, wala tusimtwishe asichokiweza. Na asiseme mtu kwamba binti huyu si Muislamu. Wengi wao ni watoto wa Kikristo, lakini amana haiulizi dini ya mwenye amana.

Wapo wanaomwambia binti ajifunike vizuri awapo nyumbani mwao, na hilo wanalihesabu kuwa ni malezi. Lakini akiugua humpa vidonge vya dukani, na asubuhi humtuma awasindikize shuleni watoto ambao ni rika lake. Huo si uadilifu.

Ndugu zangu, tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Tusimpokee mtoto aliye katika umri wa shule. Aliyekwisha kufika arudishwe kwa walezi wake kwa heshima na nauli yake, na haki yake ilipwe yote. Aliyefikia utu uzima akiwa hakusoma tumpe saa za jioni, kwani Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inapokea walioachwa nyuma. Akiugua, apelekwe hospitali kama ambavyo tungempeleka binti yetu. Nao maimamu wa Mbeya, Iringa na Njombe wawakumbushe wazazi kwamba shule haina ada na dawa hazilipiwi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana zetu. Wabillahi tawfiq.